Vitafunio vya matunda kwa mkebe wa shule, na jinsi ya kuvitengeneza nyumbani

Mtoto wa Pwani hutoka nyumbani alfajiri, akirudi shule mara nyingi hupitiliza madrasa. Katikati hapo njaa humshika zaidi ya mara moja, na cha kuituliza kiko langoni: mabuyu ya rangi, achari, barafu, krispi na juisi za pakiti. Wazazi tunalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi matunda. Mimi naona wanayapenda sana. Buyu ni tunda, achari ni embe, ukwaju nao ni tunda. Shida ni sukari na rangi zinazotiwa juu yake. Kwa hiyo badala ya kupiga marufuku, ni bora tuwatengenezee vitu hivyo hivyo nyumbani, tukijua kilichoingia ndani.

Sukari kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima, asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Mtoto hula kidogo kuliko mtu mzima, basi fungu lake ni dogo zaidi. Soda moja ya nusu lita huweza kuwa na maradufu ya kiasi hicho. Hesabu hiyo huingiza asali na juisi ya matunda pia, hata uliyokamua mwenyewe. Tunda likiliwa lenyewe halimo. Ndiyo maana mimi humpa mtoto chungwa, si maji ya chungwa.

Tunda bichi kwanza

Likipatikana tunda bichi, hakuna haja ya kupika chochote. Tatizo letu ni joto. Tunda lililokatwa halifai kukaa nje kwa zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 muda huo hupungua hadi saa moja. Ukikata papai saa kumi na mbili asubuhi, mapumziko ya saa nne yatalikuta limeshakaa mno. Kwa hiyo mpe tunda lenye ganda lake: ndizi, chungwa, chenza, au pera zima lililooshwa. Ukitaka kumkatia nanasi au embe, vigandishe vipande usiku kwenye friza, uvitie kwenye mkebe wenye kifuniko pamoja na chupa ya maji iliyoganda. Kufika mapumziko vitakuwa vimelainika lakini bado ni baridi.

Embe la kuanika

Maembe yetu hujaa sokoni kuanzia Novemba hadi Machi hivi, na mengi huozea chini ya miti. Bahati nzuri, huo ndio wakati wa kaskazi na jua kali. Chagua ngowe, boribo au apple lililoiva lakini bado gumu. Lioshe, limenye, ulikate vipande vya unene wa nusu sentimita. Viloweke dakika 10 kwenye maji yaliyokamuliwa ndimu mbili ili visigeuke weusi, kisha uvichuje.

Vipange kwenye sinia safi bila kupandana, ufunike kwa kipande safi cha chandarua kuzuia nzi, uanike juani. Vigeuze adhuhuri, na uviingize ndani kabla ya magharibi, maana umande utavirudishia maji. Huchukua siku mbili hadi tatu. Vimekuwa tayari ukikunja kipande kisikatike, na ukikibinya kisitoe maji. Mwenye ovena anaweza kutumia nyuzi 70 kwa saa sita hadi nane, mlango ukiwa wazi kidogo. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Ukiona ukungu hata kwenye kipande kimoja, tupa vyote. Wakati wa mvua za masika usijaribu kuanika nje. Hewa yetu ina unyevu mwingi.

Watoto waliozoea achari watauliza pilipili iko wapi. Nyunyiza kidogo pamoja na chembe za chumvi, inatosha.

Mabuyu bila rangi ya dukani

Chukua vikombe vinne vya mabuyu yenye unga wake, nusu kikombe cha sukari, kikombe kimoja cha maji, bitiruti moja ndogo, iliki na pilipili manga kidogo. Kuna bitiruti, uichemshe kwenye maji hayo, uchuje. Rudisha maji mekundu jikoni pamoja na sukari hadi yaanze kunata. Tia viungo na mabuyu, geuza kwa moto mdogo dakika chache tu, kwa sababu moto mwingi huua vitamini C ambayo ubuyu unayo kwa wingi. Anua, tandaza, yapoe.

Wekundu wake hautang'aa kama wa langoni, na mtoto ataona. Mwambie sababu. Hata hivyo sukari bado imo, kwa hiyo mimi huyaweka kuwa ya Ijumaa tu. Walio chini ya miaka mitano wasipewe, mbegu zinaweza kuwakaba.

Vidonge vya tende na nazi

Hivi havitaki sukari kabisa. Toa kokwa za tende hadi zijae kikombe kimoja, uzitwange kwenye kinu. Kaanga nusu kikombe cha nazi iliyokunwa, bila mafuta, hadi ikauke na kunukia, pamoja na vijiko viwili vya ufuta. Ikishapoa, changanya vyote na ufinyange vidonge vidogo. Vidonge vitatu vinamtosha mtoto hadi wakati wa chakula. Tende hunata menoni, hivyo afuatishe maji ya kunywa. Nimeacha karanga kwa makusudi: wapo watoto ambao mzio wa karanga unaweza kuwaua, na darasani watoto hugawana.

Kuanza

Usianze na vyote. Chagua kimoja Jumamosi hii, na mtoto awe jikoni nawe: yeye apange embe kwenye sinia au afinyange vidonge. Alichotengeneza kwa mikono yake hula bila kusukumwa, na huwagawia wenzake kwa majivuno. Samaki mkunje angali mbichi. Ulimi nao hufundishwa mapema.