Kifafa kisichosikia dawa kwa watoto: mashini ya neva inafanya nini?

Ulaya na Marekani kuna watoto wenye kifafa wanaoishi na mashini ndogo chini ya ngozi ya kifua. Inatuma umeme kidogo kwenye neva moja ya shingo ili kifafa kisiwakamate mara nyingi. Kwa mzazi wa Luberizi ao wa Sange ambaye mtoto wake anaanguka hata akiwa anameza dawa, habari hiyo inaleta tumaini. Lakini kabla ya kuuza shamba ao ng'ombe ili kuitafuta, kuna mambo ya kujua.

Je, dawa imeshindwa kweli?

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linahesabu karibu watu milioni 50 wenye kifafa duniani. Linasema kama hadi 70 kwa 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matunzo yanayofaa. Kwa karibu mtu 1 kwa 3, dawa hazitoshi. Tangu mwaka 2010, wanganga wanafuata kipimo hiki: kifafa kinaitwa sugu ikiwa dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kwa dozi ya kutosha na kumezwa kila siku, zimeshindwa kukizuia.

Mtoto aliyemeza fenobarbitali wiki mbili, kiisha dawa ikakosekana ao feza zikaisha, hajafikia kipimo hicho. Hata aliyemeza mwaka mzima anaweza kuwa na dozi ndogo, sababu dozi inafuata uzito na mtoto anakua. Tena si kila kuanguka ni kifafa: homa kali ya malaria na kuzimia vinafanana nacho. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: dawa gani, dozi gani, muda gani?

Mashini inafanya kazi namna gani

Neva hiyo inaitwa vagasi. Inatoka kwenye ubongo, inapita shingoni na kushuka mpaka moyoni na tumboni. Munganga mupasuaji anaweka mashini chini ya mfupa wa bega la kushoto, kiisha anazungusha waya mwembamba kwenye neva ya upande huo. Kwa kawaida mashini inatuma umeme kwa sekunde 30, inapumzika dakika 5, inaanza tena, usiku na mchana. Mtoto akianza kukamatwa, mzazi anapitisha sumaku juu ya kifua ili mashini itume umeme papo hapo.

Mtu wa kwanza aliwekewa mashini hiyo Marekani mwaka 1988. Serikali ya huko iliikubali mwaka 1997, na tangu 2017 inaruhusu watoto kuanzia miaka 4.

Haiponyeshi

Karibu nusu ya wagonjwa wanapunguza kuanguka kwa nusu ao zaidi, na mara nyingi hiyo inachukua miezi mingi. Wachache tu ndio wanaacha kuanguka kabisa. Mtoto anaendelea kumeza dawa. Sauti inaweza kukwaruza, na kikohozi kinaweza kumsumbua. Munganga anapaswa kurekebisha nguvu ya umeme mara kwa mara, na batri ikiisha baada ya miaka kadhaa, mtoto anapasuliwa tena. Familia inayoishi mbali na munganga huyo ipime jambo hilo kwanza.

Njia ya kufuata

Safari inaanzia kwenye kituo cha afya. Fenobarbitali ni dawa ya bei ndogo: OMS inasema dawa za kifafa zinaweza kugarimu hata dola 5 kwa mwaka. Kama haitoshi, Bukavu kuna hospitali ya Sosame, na Bujumbura kuna kituo cha Kamenge. Vyote viwili ni vya Mabruda wa Upendo na vinatunza wenye kifafa. Kwa wengine, upasuaji wa ubongo unafaa kuliko mashini. Hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, Uganda, imeufanya.

Nyumbani

- Usikatishe dawa kwa gafula: mtoto anaweza kukamatwa mfululizo na kufa.
- Andika siku na saa ya kila kuanguka. Daftari hilo linamsaidia munganga kuliko maneno mengi.
- Akianguka, mulaze kwa ubavu na usitie kitu mdomoni. Povu haiambukizi kifafa. Mtu asiogope kumugusa.
- Ikipita dakika 5, mukimbize hospitali.
- Asiachwe peke yake karibu na moto, mtoni ao ziwani.