Sarafu, Sisimizi na Soko la Hisa: Modeli za Mawakala Zilivyotafuta Kuaminiwa

Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la ndege la Southwest la Marekani lilikuwa na kitendawili. Kwa wastani, ndege zake zilitumia takriban asilimia 7 tu ya nafasi ya mizigo, lakini katika baadhi ya viwanja mizigo ilikosa pa kuwekwa. Wapakiaji walifuata desturi iliyoonekana ya busara: mzigo upande ndege ya kwanza inayoelekea uendako.

Wataalamu waliuiga mtandao mzima kwenye kompyuta, wakiazima kanuni za sisimizi watafutao chakula. Jibu lilishangaza. Mara nyingi ilikuwa nafuu kuuacha mzigo ndani ya ndege inayozunguka: kifurushi kingeweza kupitia mji mwingine bila kushushwa hadi kifike kiendako. Southwest ilibadili utaratibu. Kwenye vituo vyenye shughuli nyingi, uhamishaji wa mizigo ulipungua kwa hadi asilimia 80, na faida ikakadiriwa kuzidi dola milioni 10 kwa mwaka.

Kufikia hatua ya kuukabidhi uigaji uamuzi mzito namna hiyo kulichukua zaidi ya robo karne tangu majaribio ya mwanzo.

Uigaji wa aina hii huitwa modeli ya mawakala. Wakala ni mtu, ndege au kampuni iliyowakilishwa ndani ya programu, ikapewa kanuni zake za kuamua, kisha ikaachwa itende pamoja na wenzake. Mwanauchumi Thomas Schelling alianza bila kompyuta. Kwa kupanga sarafu kwenye ubao wa miraba, alionyesha katika makala yake ya 1971 kwamba watu wasiowachukia majirani wa rangi nyingine, ila hawapendi kuwa wachache mno mtaani, wanaweza kuishia katika mitaa iliyotengana. Nia ya mtu mmoja haitoshi kutabiri mwenendo wa umati.

Kompyuta zilipoingia, shaka nayo ikaingia. Mtunga kanuni anaweza kuzirekebisha, hata bila kujua, mpaka apate jibu alitakalo. Na mganga hajigangi. Mwaka 1996, watafiti Robert Axtell, Robert Axelrod, Joshua Epstein na Michael Cohen walichapisha jaribio la kupambanisha modeli mbili. Modeli ya Axelrod kuhusu kuenea kwa utamaduni ilijengwa upya ndani ya Sugarscape, modeli ya Epstein na Axtell, ili ionekane kama matokeo yatafanana. Walijifunza kwamba hata jambo dogo, kama utaratibu wa kumchagua wakala wa kutenda, lazima lilinganishwe.

Kisha likaja soko la hisa la Nasdaq. Kabla ya kuacha sehemu za dola na kuanza kupanga bei kwa senti mwaka 2001, soko hilo liliiagiza kampuni ya BiosGroup iuige mpango huo. Modeli ilitoa onyo: hatua ndogo za bei zinaweza kulifanya soko lishindwe kuitambua bei halisi, na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza likapanuka. Baada ya mabadiliko, wastani wa pengo hilo ulipungua. Onyo lile lilitegemea mbinu ambazo wafanyabiashara wangetumia. Ndiyo maana modeli isomwe kama ramani ya hatari zinazowezekana, na kila hatari itajwe pamoja na masharti yake.

Mwaka 2006, Volker Grimm na wenzake 27, wengi wao wakiwa wanaikolojia, walipendekeza utaratibu mmoja wa kueleza modeli, uitwao ODD kwa herufi za kwanza za Kiingereza: kwanza maelezo ya jumla, kisha dhana za usanifu, mwisho maelezo ya kina. Lengo ni kumwezesha mtu asiyemjua mwandishi kuijenga modeli ileile upya.

Basi, mkurugenzi unayeonyeshwa vidoti vya rangi vikitembea kwenye skrini, usikimbilie kusaini. Uliza kama modeli hiyo imeweza kuonyesha upya yaliyokwisha kutokea. Uliza imeendeshwa mara ngapi, na jibu linabadilika kiasi gani makadirio yakibadilishwa. Uliza ni nani mwingine aliyeijenga upya. Asiye na majibu hayo, mrudishe akaipime kwanza. Mishahara ya watu haiwekwi rehani kwa picha nzuri.