Chombo Kikwezwapo Pwani: Maisha ya Mabaharia katika Siku za Matengenezo

Historia ya bahari ya Waswahili aghalabu imeandikwa kama historia ya mwendo. Husimuliwa pepo za kaskazi na kusi, bandari zilizounganishwa nazo, na bidhaa zilizopita mikononi mwa watu. Hata hivyo, hapajapata kuwa na chombo kilichosafiri daima. Kila jahazi lilikuwa na siku zake za kukaa pwani, likiwa limekwezwa na kutiwa gadi ubavuni, ilhali watu wake wangali wakiishi juu yake. Mhadhara huu unazichunguza siku hizo. Hoja yake ni kwamba siku hizo ndizo zilizoamua kama safari ya marejeo ingekuwapo, na kwamba sehemu kubwa ya mzigo wake iliwaangukia mabaharia.

Sababu ya kukweza chombo ni bahari yenyewe. Katika maji ya joto, mwani na makombe hushika upesi chini ya jahazi na kulifanya zito, na vidudu vya baharini huzitoboa mbao kimyakimya. Vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi vilishuka kwa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na kurejea kwa kusi ilipoanza kuvuma mwezi wa Aprili. Kusi ilipokaza, mwezi wa Juni na Julai, mabaharia walisema kuwa bahari imefungwa. Basi nahodha aliyechelewesha matengenezo alijiweka katika hatari ya kuukosa msimu mzima.

Kazi yenyewe ilitawaliwa na mwezi. Chombo kiliingizwa ufukweni wakati wa bamvua, maji yalipojaa kupita siku nyingine. Maji yalipokupwa, mkuku ulikaa juu ya mchanga na gadi zikakizuia chombo kisilale. Hapo mabaharia walipara makombe, wakaunguza tumbo la chombo kwa mienge ya makuti makavu ili kuua vidudu, wakaziba nyufa kwa kalafati ya pamba iliyolowa mafuta, kisha wakapaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya samaki ambayo harufu yake iliwatangulia mabaharia kila walikokwenda. Ikiwa kazi haikwisha kabla ya maji mafu kuingia, chombo kilichopandishwa juu sana hakikuweza kuelea tena hadi bamvua jingine, yapata wiki mbili baadaye.

Katika muda huo baharia hakuwa na nyumba nyingine. Mizigo, matanga na kamba vilihitaji mlinzi, na mgeni asiye na jamaa mjini hakuwa na pa kulala ila juu ya sitaha. Lakini chombo kilichokwezwa ni nyumba iliyopoteza desturi zake. Choo cha jahazi kubwa, ambacho ni kisanduku kilichoning'inizwa nje ya ubavu, hakikufaa tena, kwa kuwa chini yake palikuwa na watu wakifanya kazi. Jiko la sanduku la mchanga, ambalo baharini ni salama, lilitakiwa kuangaliwa sana karibu na mafuta na mienge. Upepo wa bahari ulikatika, na mbu wakaingia. Jua nalo lilikausha mbao na kuzipanua nyufa, hata ikabidi ubavu ufunikwe kwa makuti au mikeka. Kwa hiyo mapumziko yaliyodhaniwa na mtazamaji wa ufukweni hayakuwa mapumziko.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika mfano wa kale. Mwezi wa Januari 1498, merikebu tatu za Vasco da Gama ziliingia mto ambao Wareno waliuita Mto wa Ishara Njema, katika Quelimane ya leo. Zilikaa huko siku 32, zikisafishwa na kutengenezwa. Katika siku hizohizo wengi wa mabaharia walivimba miguu, mikono na fizi, kwa ugonjwa unaojulikana leo kuwa unatokana na upungufu wa vitamini C. Merikebu zilitoka mtoni zikiwa nzima kuliko watu wake. Matokeo yake yalidhihirika Januari 1499, wakati wa marejeo, ambapo merikebu ya São Rafael ilichomwa moto katika pwani ya Tanga ya leo. Mabaharia waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Chombo kinaweza kuzibwa nyufa, lakini bila mikono hakiendi popote.

Suala la mikono hiyo liliendelea hadi karne ya ishirini. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililofika Lamu, Mombasa, Unguja na delta ya Rufiji, ambako lilipakia boriti. Kitabu chake cha mwaka 1940 kinaeleza kwamba mabaharia hawakulipwa mshahara bali fungu la mapato, na kwamba wengi wao walikuwa na deni kwa nahodha, naye nahodha alidaiwa na wafanyabiashara. Katika utaratibu huo, siku ya kupara na kupaka deheni ilikuwa siku ya kazi nzito isiyoongeza mapato hata kidogo. Baharia aliilisha safari ijayo kwa jasho ambalo halikuandikwa katika hesabu yoyote.

Siku hizo zilijenga pia uhusiano na wenyeji. Mafundi, wauza maji na wauza chakula walikutana na wageni kando ya gadi, na kazi ya kushua ilihitaji watu wengi kuliko mabaharia wenyewe. Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, ni kijiji kilichopata sifa kwa uundaji na utengenezaji wa majahazi. A. H. J. Prins, katika utafiti wake kuhusu Lamu uliochapishwa mwaka 1965, alionyesha jinsi jamii nzima ilivyojengwa juu ya ujuzi wa bahari.

Ujuzi huo umehifadhiwa katika lugha. Kukweza, kushua, gadi, deheni, kalafati, bamvua na maji mafu ni istilahi kamili za kazi, zilizokuwapo kabla ya kamusi yoyote kuziorodhesha. Vyombo vya mashine na vya plastiki ngumu havihitaji deheni, na kijana asiyewahi kushika mwenge wa makuti hana sababu ya kulijua neno hilo. Hivyo ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kwenda kwa wazee wanaoijua kazi hiyo kwa mikono yao, na kuyaandika maneno hayo pamoja na kazi yenyewe, kwa kuwa neno lililoandikwa peke yake halimfundishi mtu namna ya kusimamisha gadi.