Ukungu wa Kihansi

Maji yanayopita chini ya Daraja la Magufuli, pale Ifakara, yametoka kila upande wa bonde. Mnyera imo humo, Ruhudji imo, Mpanga imo. Na Kihansi imo, ule mto unaotoka nyanda za juu za Mufindi na kuporomoka kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa kabla ya kufika tambarare. Mvuvi wa kambale anayetega nyavu zake hapa hawezi kujua maji yapi yametoka wapi, wala hana haja ya kujua. Tangu mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ya Kihansi hupitishwa kwenye handaki ndani ya mwamba, yakazungusha mitambo ya umeme, kisha yakarudishwa mtoni. Kwa hiyo ukiyatazama kutoka darajani, hakuna kilichopungua. Kilichopungua kilikuwa kule juu, korongoni, nacho kilikuwa ukungu.

Kiswahili kina neno moja hapa kwa vitu viwili. Ukungu ni yale manyunyu membamba yanayoning'inia hewani asubuhi, na ukungu ni ile kuvu inayoota juu ya mkate uliosahaulika kabatini. Chura wa Kihansi alilelewa na ukungu wa kwanza na kuuawa na wa pili. Wataalamu wamebishana kwa miaka kama kuondoka kwa ule wa kwanza ndiko kulikomfungulia mlango wa pili.

Aligunduliwa na sayansi mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ulikuwa umeshaanza kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia na wafadhili wa Ulaya. Tathmini ya awali ya mazingira haikumtaja, na isingeweza, maana hakuna mtaalamu aliyekuwa amemwona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Kim Howell, walimkuta kando ya maporomoko: kachura ka rangi ya njano, jike lisilofika sentimita 3, dume dogo zaidi. Jina lake la kisayansi, Nectophrynoides asperginis, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu. Halitagi mayai majini kama vyura tuliowazoea. Huzaa watoto hai, wadogo kuliko punje ya mchele. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba ukimgeuza jike mwenye mimba unawaona watoto ndani. Na dunia yake yote, mahali pekee alipopatikana, ilikuwa kama hekta 2 za majani yaliyoloweshwa usiku na mchana na maporomoko. Kuna viwanja vya mpunga hapa bondeni vinavyozidi eneo hilo.

Mto ulikuwa unatiririsha wastani wa mita za ujazo 16 kwa sekunde. Mitambo yenye uwezo wa megawati 180 ilipoanza kazi, korongo likabakiziwa chini ya 2. Manyunyu yakakatika na majani yakaanza kukauka.

Watu wengi wa rika langu walimsikia chura huyu kwanza kama mzaha. Nchi haina umeme, Wazungu wanalilia chura. Sidhani mzaha ule ulikuwa wa kijinga kama tulivyokuja kuambiwa baadaye. Mwaka 2006 ukame ulipokausha mabwawa, mgao wa umeme ulifunga saluni, mashine za kusaga na maduka ya kuchomelea vyuma nchi nzima, na Kihansi ilikuwa moja ya sehemu chache ambako nchi ilitegemea kupata umeme. Mtu aliyekuwa anaharibikiwa samaki kwenye friji alikuwa na haki ya kuuliza hesabu hiyo inapigwaje. Ila swali lilikuwa limeulizwa kwa kuchelewa. Lingeulizwa kabla bwawa halijasanifiwa, lingehusu bomba moja la ziada na kiasi cha maji ya kuacha, siyo kuchagua kati ya chura na taa.

Mwishoni mwa mwaka 2000, kwa ridhaa ya serikali, timu ya bustani ya wanyama ya Bronx ya New York ilichukua vyura 499 wakasafirishwa kwenda Marekani. Mwaka uliofuata korongoni kukafungwa mabomba yenye vinyunyizio, ukungu wa kutengenezwa, yaani mvua ya mafundi. Ilifanya kazi. Kufikia Juni 2003 vyura walikadiriwa kufika kama 20,000.

Miezi michache baadaye walikuwa karibu wote wamekwisha. Januari 2004 watafiti waliopita pale walihesabu vyura kwa vidole vya mkono mmoja.

Katika mizoga iliyookotwa walikuta kuvu iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis. Ndiyo inayoua vyura duniani kote, kuanzia Australia mpaka Panama, na wanasayansi waliipa jina mwaka 1999 tu. Namna inavyoua ni ya kutisha kwa upole wake. Chura hanywi maji kwa mdomo. Hunywa kwa ngozi, na kwa ngozi hiyo hiyo huvuta hewa na kudhibiti chumvi za damu yake. Mbegu za kuvu huogelea majini, zikaingia kwenye ngozi na kuikomaza. Chumvi za sodiamu na potasiamu hupungua mwilini, na mwisho moyo husimama. Nje hauoni kidonda kikubwa. Unamwona chura amekaa vibaya tu, ngozi ikibanduka. Kuvu hii hupenda ubaridi na unyevu, na kwenye joto la tambarare ya Ifakara ingepata shida. Korongo lenye kivuli na manyunyu ni makazi yake mazuri kabisa.

Iliingiaje? Viatu vya wafanyakazi na watafiti vimetajwa. Lakini kuna mambo mengine ya mwaka ule ule: lango la bwawa lilifunguliwa kwa majaribio, tope lililokuwa limetuama nyuma yake likashuka na mabaki ya dawa za wadudu za mashambani, na vinyunyizio vilisimama kwa muda. Wapo wanaosema kuvu ndiyo muuaji. Wapo wanaosema kuvu ilimkuta mgonjwa tayari. Mimi naelemea kwa hawa wa pili, ingawa sina zaidi ya mantiki ya mkulima: mche uliokosa maji ndio wadudu huuanza.

Marekani nako mambo hayakuwa mepesi. Vyura walikufa kwa minyoo ya mapafu, kwa taa zisizofaa, kwa chakula kisichotosha, hadi wakabaki chini ya mia. Ni bustani za Bronx na Toledo zilizojifunza kuwatunza: manyunyu ya mashine, wadudu wadogo sana, mwanga wa aina yake. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kutoweka porini. Agosti 2010, vyura 100 walitua Dar es Salaam na kupelekwa kwenye maabara ya Chuo Kikuu. Mwaka 2012 takriban 2,000 walirudishwa korongoni, na makundi mengine yamefuata tangu hapo. Ni mara ya kwanza kwa jamii ya chura aliyetoweka porini kurejeshwa kwao.

Kuvu haijaondoka. Imo korongoni pamoja nao, kwenye vyura wengine wanaoibeba bila kufa. Wanaoingia huko huchovya viatu vyao kwenye dawa kwanza. Manyunyu sasa hutoka kwenye vinyunyizio, na vinyunyizio vina matundu madogo yanayoziba kwa mchanga, kwa hiyo lazima pawe na fundi wa kwenda kuyazibua. Maji yakishanyunyizwa hutiririka kwenye majani, hurudi mtoni, hukutana chini na yale yaliyotoka kwenye mitambo, na baada ya siku kadhaa hupita chini ya daraja la Ifakara.