Chafya ya Mill Hill

Kisa hiki husimuliwa hivi: Mill Hill, London, mwaka 1933, kicheche wa maabara alimpigia mtafiti chafya usoni, mtafiti akaugua, na virusi vya influenza vikajulikana. Kimenyooka mno. Maandishi ya watafiti wenyewe yanasemaje?

Nikafungua ripoti yao ya tarehe 8 Julai 1933. Tangu 1892 wengi waliamini kwamba ugonjwa huu unaletwa na bakteria. Hawa waliwasukutulisha wagonjwa koo, wakayapitisha maji yale kwenye chujio lisilopitisha bakteria, kisha wakawadondoshea vicheche puani. Siku mbili tu, homa juu, makamasi yanatiririka. Basi chafya ya usoni ilitoka wapi?

Ni kweli, mwaka ule mmoja wao aliugua. Virusi vya kooni mwake vikapewa herufi za jina lake, WS, na ukoo wa virusi hivyo ungali maabarani hadi leo. Lakini majira yale influenza ilikuwa imeenea Uingereza. Njia yangu ikaishia hapo: aliambukizwa na kicheche, au na jirani kwenye treni?

Nikasogea miaka mitatu mbele. Katika ripoti ya 1936 chafya imeandikwa waziwazi, ila aliyepigiwa ni mwingine, daktari kijana aliyekuwa akimpima kicheche mgonjwa. Akaugua, na virusi vikapatikana kooni mwake. Naona wasimulizi wameunganisha watu wawili wakapata mmoja. Na katika kuunganisha huko, wamedondosha nini?

Wamedondosha seramu, yaani majimaji ya damu, na hilo linaniuma. Rudi 1933. Watafiti wanachanganya virusi na seramu ya binadamu aliyepona, wanamdondoshea kicheche puani, wanasubiri. Kicheche yu mzima, pua kavu. Kwangu huu ndio ushahidi wenyewe: damu ya mtu ilimtambua adui aliyekuwa ndani ya mnyama. Kwa nini basi tunakumbuka chafya?

Yule kijana wa 1936 hakuacha kufuatilia. Alikuja kuwa profesa wa tiba Sheffield, na magonjwa ya njia ya hewa yakabaki kazi yake. Na swali la seramu nalo liliendelea: mwaka 1940, huko Marekani, ilitangazwa influenza ya aina nyingine, ambayo seramu dhidi ya ile ya kwanza haikuizuia. Kinga ya mwili, ile iliyo katika seramu, inakumbuka, sawa. Lakini ilikuwa ikikumbuka sehemu gani ya virusi?