Mwelekeo wa Maandishi: Toka Hati za Pwani Hadi Tovuti ya Matuu

Mara nyingi historia ya maandishi ya Kiswahili husimuliwa kana kwamba herufi za Kiarabu ziliachwa kwa udhaifu wake zenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hiyo ni nusu tu ya ukweli, na kwamba nusu ya pili inawahusu hata wajenzi wa tovuti wa siku hizi.

Tuchukue mfano wa Matuu, mji wa soko wa Yatta katika Machakos, kwenye barabara itokayo Thika kwenda Garissa. Atakaye kuwaandikia watu wa mji huo hana budi kukumbuka Kĩkamba, chenye irabu saba, mbili kati yake zikiandikwa ĩ na ũ. Kiswahili, kilichokwisha andikwa kwa hati mbili. Kiingereza cha ofisi. Na Kiarabu cha ibada ya Waislamu, kianziacho kulia.

Kĩkamba na Kiswahili vilikutana mapema katika kazi ya J. L. Krapf, aliyefika Ukambani mwaka 1849. Mwaka 1850 Injili ya Marko kwa Kĩkamba na sarufi yake ya Kiswahili zilipigwa chapa Tübingen, zote kwa herufi za Kirumi. Lakini Kiswahili kilikuwa na maandishi yake tayari: barua za Kilwa zilizohifadhiwa Goa ni za tangu 1711, na Utenzi wa Tambuka uliandikwa 1728. Krapf alizikataa herufi za Kiarabu kwa kuwa aliona hazitoshelezi sauti za Kiswahili, na pia kwa kuchelea nguvu ya Uislamu. Baadaye Kamati ya Lugha, iliyoundwa 1930, ilisanifisha tahajia ya Kirumi peke yake.

Hapana shaka kasoro zilikuwepo. Kwa desturi kasra moja ilisimama kwa i na e, na p iliandikwa kama b. Lakini kasoro hutengenezwa. Waajemi waliongeza herufi za p na ch, na mwaka 1997 Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mapendekezo kamili ya kuandika Kiswahili kwa hati hiyo.

Kompyuta zilirudia hukumu ile ile, ila safari hii ziliifichua. Jedwali la herufi la ISO 8859-1, la mwaka 1987, halikuwa na ĩ wala ũ. Jedwali la Kiarabu la mwaka huo huo halikuwa na p wala ch, na ukurasa haukuweza kutumia majedwali mawili kwa pamoja. Hivyo Kĩkamba, ambacho hakikuwa na ugomvi wowote na herufi za Kirumi, kilifungiwa nje sawasawa na hati ya Kiarabu. Kosa basi halikuwa la hati, bali la kutokumbukwa na walioamua.

Mlango ulifunguliwa na Yunikodi, iliyotolewa 1991, ikakusanya herufi hizo zote katika jedwali moja. Mwishoni mwa 1997 HTML 4.0 ikaruhusu kila sehemu ya ukurasa itajiwe lugha yake na mwelekeo wake. Maneno huwekwa kwa utaratibu wa kusomwa, kisha programu huyapanga machoni. Hata tarakimu zilizo ndani ya maandishi ya Kiarabu huendelea kutoka kushoto. Mjenzi mwangalifu hasemi “kushoto” na “kulia”, bali “mwanzo” na “mwisho”, na ukurasa hujigeuza wenyewe.

Kilichobaki ni kazi yetu, si ya mashine. Tukiweka mtandaoni tenzi kwa herufi za Kirumi tu, tunampa msomaji uamuzi wa mhariri badala ya hati: kasra imekwisha kuwa i au e, naye hana njia ya kuhoji. Vivyo hivyo, Kĩkamba kikiandikwa bila alama zake, irabu saba huwa tano, na mtoto wa Matuu hufundishwa kusoma lugha yake kwa kubahatisha. Yafaa basi wanalugha wakubaliane juu ya tahajia, wachapishe hati zote mbili sambamba, na wasikubali tena kuambiwa kwamba haiwezekani. Tangu 1997 yawezekana.