Remain in Light: roki iliyokutana na midundo ya Fela Kuti

Wasikilizaji wetu wengi wanamfahamu Fela Kuti wa Nigeria. Mwaka 1980 muziki wake uliivutia Talking Heads, bendi ya roki ya Marekani.

Wanabendi hao 4 walikwenda Bahamas kurekodi na mtayarishaji Brian Eno, bila nyimbo zilizokamilika. Walipiga kipande kifupi cha ngoma, besi au gitaa, wakakirudia, kisha wakaongeza kingine juu yake. Maneno ya David Byrne yalikuja baadaye. Zikapatikana nyimbo 8 zenye roki, fanki na afrobiti.

Je, wimbo uliotungwa hivyo ni wa nani? Albamu ilipotoka, baadhi ya wanabendi walilalamikia jinsi watunzi walivyoorodheshwa. Tunazishauri bendi zetu: kubalianeni kabla ya kurekodi.